Hilux ya Baba Mdogo na Mlima wa Masama

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, gari lililochemka kati ya Kwa Sadala na Masama lilipata washauri kabla halijapata maji. Anayetoka kukata majani ya ng'ombe anatua mzigo, anachungulia chini ya boneti na kutoa hukumu: fanibelti. Mwalimu mstaafu anasema hapana, pampu ya maji. Kijana aliyewahi kukaa Arusha anasema hedi imekufa, tena anasema kwa furaha kidogo. Baba mdogo aliwasikiliza wote kwa adabu, maana ndio hao hao ambao baadaye wangesukuma.

Gari lenyewe lilikuwa Toyota Hilux ya dizeli yenye injini ya 2L, ile isiyofika lita mbili na nusu. Lilikuwa limeshatumika sana lilipomfikia. Lilikuwa moja ya magari yaliyoingia nchini baada ya serikali, mwaka 1984, kuanza kuruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha za kigeni walizokuwa nazo wenyewe. Asubuhi lilishuka na mikungu ya mshare na ndizi ng'ombe hadi soko la Mbuyuni, mjini Moshi. Alasiri lilipanda na saruji, mabati na pumba za ng'ombe, na juu ya hivyo vyote, watu. Mimi likizo nilikuwa utingo. Vifaa vyangu vya kazi vilikuwa gogo la kuzuia tairi, madumu ya maji na gunia la kulowesha.

Kushuka hakukuwa na neno. Kwenye lami ya barabara ya Arusha nako mshale wa joto ulitulia katikati hata tukienda mbio. Mambo yalianza tukiiacha lami pale Kwa Sadala na kuelekeza pua mlimani. Barabara ilikuwa ya udongo mwekundu, kiangazi vumbi, masika utelezi. Dereva anaingia gia ya pili, kona ya mbele anarudi ya kwanza, na migomba inapita taratibu kiasi kwamba abiria waliweza kuongea na watu wa majumbani na kumaliza mazungumzo. Hapo injini inatoa nguvu zake zote, inachoma dizeli nyingi, na gari halina mwendo wa kuleta upepo. Hewa pekee inayopoza rejeta ni ile inayovutwa na feni. Ukitaka kujua kama mfumo wa kupoza una afya, usiupime kwenye lami. Upeleke Masama umebeba saruji.

Mshale ukianza kupanda, baba mdogo aliwasha hita. Abiria wa mbele walilalamika, ila ile hita ni rejeta ndogo ya ziada na inaondoa joto la kutosha kukufikisha kona moja zaidi. Ikishindikana, anaegesha, naruka na gogo. Haikuruhusiwa kuugusa mfuniko mpaka mpira wa juu wa rejeta ulegee ukiubonyeza. Ndipo gunia bichi linawekwa juu, mfuniko unalegezwa kidogo, mvuke unatoka, unasubiri tena. Maji yalimiminwa kidogo kidogo injini ikiwa inaunguruma, kwa sababu maji ya baridi yakivamia chuma cha moto, hedi hupasuka. Maji hayo tuliyachota kwenye mfongo wowote uliokuwa karibu. Mifongo ile ilichimbwa na mababu kuleta maji ya mlimani vihambani, na kwa migomba hakuna maji bora. Kwa rejeta, lile tope laini linalokuja nayo ni habari nyingine, na maji ya chumvi ya tambarare tuliyojazia siku za mjini yalikuwa mabaya zaidi.

Tulijaribu kila dawa ya barabarani. Kulikuwa na tundu dogo kwenye rejeta, mtu akatuambia tuweke bizari ya manjano, mwingine akasema yai bichi. Tuliweka vyote viwili. Tundu likaziba kweli. Na vijia vingine navyo, lakini hilo hatukulijua siku ile.

Kitu cha kwanza cha maana kubadilishwa kilikuwa mfuniko wa rejeta. Mpira wake ulikuwa umekauka na kupasuka, hivyo haukushika shinikizo. Usawa wa bahari maji huchemka kwenye nyuzi 100. Ukipanda, hewa inapungua uzito na maji yanawahi, kiasi kwamba kwenye mita 1,500, ambako ndiko watu wengi wa Masama wanakojenga au karibu na hapo, yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Mfuniko mzima hubana maji yasichemke hadi yapite nyuzi 110. Sisi tulikuwa tukiendesha kwa mfuniko uliokuwa pambo. Tukaweka mpya, na gari likachemka mbele zaidi ya pale lilipozoea. Kwa wengine huko kulikuwa kushindwa.

Fundi wa Boma Ng'ombe aliposikia hilo alitabasamu. Alikuwa mzee mkimya, na kabla ya kushika spana alikuwa na maswali.

"Mangi, inachemka wapi?"

"Mlimani, fundi. Ikiwa na mzigo."

"Sailensi?"

"Ikisimama inaunguruma tu, haichemki."

"Asubuhi ikoje?"

Baba mdogo akaeleza kwamba asubuhi za Julai, ukungu ukiwa umeshuka, ilichukua muda mrefu kupata joto na ilitoa moshi mweupe. Moshi ule ndio uliowafanya watu wote wa kijijini waizike hedi yetu ikiwa hai. Fundi akauliza kama moshi unaisha injini ikishapata moto. Unaisha. Akatikisa kichwa: hiyo ni dizeli isiyoungua vizuri kwa baridi, si maji.

Hata hivyo hakutaka kubahatisha. Gari lililala kwake. Alfajiri, injini ikiwa ya baridi kabisa, alifungua mfuniko, akajaza maji hadi mdomoni na kuniambia nipige stata. Kama gasketi ya hedi imetoboka, alisema, mgandamizo wa dizeli ni mkubwa mno kujificha; mapovu yatapanda hapa mfululizo kabla maji hayajapata hata uvuguvugu. Tulikodoa macho. Povu moja moja la hewa iliyonaswa, kisha kimya. Akachomoa kijiti cha oili: nyeusi safi ya dizeli, haikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Akashika puli ya pampu ya maji akaitikisa, haikucheza, na kitundu cha chini yake kilikuwa kikavu. Hedi na pampu zikafutwa kwenye mashtaka.

Kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kuona fundi mwingine akilifanya kwa uangalifu ule. Aliacha injini ipate moto, akaizima, akahakikisha feni imesimama, halafu akaweka kiganja juu ya rejeta na kukipitisha polepole toka kushoto kwenda kulia, juu kwenda chini. Akanishika mkono nami nifanye hivyo. Juu palikuwa pa moto. Chini, sehemu kubwa ya upande mmoja ilikuwa ya baridi.

"Hapo maji hayapiti," akasema. "Unatembea na nusu rejeta."

Alionyesha mengine mawili. Kava ya feni haikuwepo. Mtu fulani aliitoa zamani apate nafasi ya mikono na hakuirudisha. Bila kava, feni huzungusha hewa ile ile ya moto badala ya kuivuta kupitia rejeta, na kwenye mwendo wa mlimani hilo ndilo linaloua. La pili lilimkera zaidi: ndani ya nyumba ya themostati hamkuwa na themostati. Gereji moja ya mjini ilikuwa imeitoa, kwa maelezo kwamba nchi za joto hazihitaji kitu hicho.

Imani hiyo bado ipo hadi leo na inanishangaza, hasa inaposemwa na mtu aliyevaa sweta. Themostati ya injini ile ilikuwa na kisahani cha pili kwa chini. Ikishafunguka, hicho huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupitia rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji ya moto inazunguka humo humo. Asubuhi injini inachelewa kupata joto, mchana inakosa kupozwa. Malalamiko yetu yote mawili yalikuwa yametoka kwenye tundu moja.

Rejeta ilikwenda kwa mtaalamu wa Majengo, Moshi. Ilikuwa ya shaba, siyo hizi za alumini na plastiki ambazo zikiziba unatupa. Aliyeyusha risasi kwa moto, akafungua tangi la juu, akapitisha vijiti vyembamba kwenye kila mrija. Kilichotoka kilikuwa tope jekundu, magamba meupe ya chumvi, na unga wa njano ambao baba mdogo aliutazama bila kusema kitu. Kava ilikatwa kwenye bati. Themostati ililetwa na jamaa aliyekwenda Nairobi, kutoka maduka ya Kirinyaga Road, na fundi hakuifunga kabla hajaitundika kwa waya ndani ya sufuria ya maji jikoni kwa mkewe. Ilianza kufumbuka kabla maji hayajatokota, kama ilivyoandikwa ubavuni: 82. Akaridhika.

Tulipanda na saruji siku ya jua kali. Mshale ulifika katikati, ukatulia. Waliozoea kutusukuma walitupungia mkono, na mmoja alionekana kuvunjika moyo.

Lile gari halikupona magonjwa yote. Baadaye hedi ilipata nyufa kati ya valvu, udhaifu unaojulikana wa hedi za aina ile, hasa zikishapitia joto kali, na yetu ilikuwa imepitia. Ikatafutwa nyingine, maisha yakaendelea. Baba mdogo alipoliuza, mnunuzi alikuwa mfugaji kutoka Sanya Juu, akaja na fundi wake. Fundi alifungua boneti, akasikiliza injini, akasifu rejeta. Kisha akamwambia bosi wake kwamba lina tatizo dogo tu la kurekebisha: watu hawa wameacha themostati ndani, wakifika ataitoa.

Baba mdogo alimaliza kuhesabu fedha zake, akawatakia safari njema.