Siku Nne kwa Baiskeli, na Faili Ambalo Sitalipakia

Najua nimekuwa kimya, na wale mnaoulizia sehemu ya tatu ya masomo ya Python, inakuja. Leo nivumilieni niandike kuhusu baiskeli. Kompyuta itaingia humo humo, kama kawaida yangu.

Jambo lenyewe lilianza kwa wivu. Mteja wetu mmoja wa Ulaya alinitumia picha za likizo yake: siku sita kwa baiskeli kusini mwa Italia, katika mkoa wa Puglia. Mizeituni, nyumba nyeupe, bahari ya buluu, kiongozi mbele na gari la mizigo nyuma. Kule kuna njia ya baiskeli inayofuata mfereji mkubwa wa maji wa Puglia, karibu kilomita 500 kutoka Caposele mpaka Santa Maria di Leuca, kwenye ncha ya kisigino cha Italia. Nikaangalia bei. Nikaangalia masharti ya viza ya Schengen. Nikafunga kivinjari.

Halafu nikajicheka. Mimi nakaa Kibokoni, Mji wa Kale. Kutoka kwetu mpaka Feri ni dakika chache kwa baiskeli. Na ng'ambo ya Feri kuna nini? Minazi, mikoko, misikiti ya mawe, misitu ya kaya, mapango ya Shimoni. Watu hupanda ndege kuja kuyaona, nami nimeyaona kupitia dirisha la matatu, nikiwa nimebanwa.

Basi nikawaambia wenzangu wawili wa kazini: Agosti tunakwenda Shimoni na kurudi. Siku nne.

PROGRAMU YANGU

Mtu wa kompyuta hapangi safari kwa kalamu. Nilichukua data za OpenStreetMap, ile ramani huria ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri tangu 2004, nikatoa barabara na vijia vyote kutoka Likoni mpaka Shimoni. Nikaandika programu ndogo inayotafuta njia fupi inayoiepuka barabara kuu kadiri iwezekanavyo, kwa sababu malori ya Lunga Lunga hayana mchezo na mtu wa baiskeli. Mwendo nikauweka kilomita 15 kwa saa. Programu ikanipa njia nzuri ajabu: vijia vya Waa, ufuo wa Tiwi, kuvuka mlango wa mto Mwachema saa 2:40 asubuhi, kisha Diani. Nilifurahi kama mtoto.

Mama alipoona ile ramani kwenye skrini aliuliza swali moja tu: "Na mtu wa kule anayewapeleka ni nani?"

Nikamwambia hatuhitaji mtu, tuna GPS. Akasema bila mtu wa kule hamuendi. Nina shahada ya sayansi ya kompyuta na umri unakaribia thelathini, lakini Mama ni Mama.

Ndiyo tukampata Mzee. Ni fundi baiskeli wa Likoni, Mdigo, umri wa babu, na kwa miaka mingi amewatembeza wageni wa hoteli za Diani kwa baiskeli. Jina lake silitaji kwa kuwa hakupenda nilitaje. Nilimwajiri ili Mama alale usingizi, basi.

SIKU YA KWANZA: MAJI

Tulishuka Feri alfajiri, baiskeli mkononi, katikati ya umati. Tangu 2024 magari yanaweza kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu bila kugusa feri, lakini mtu wa kawaida wa Likoni bado anavuka hapa hapa, na kwa mtu wa baiskeli hakuna njia iliyo fupi kuliko hii. Mzee alitungoja ng'ambo na Black Mamba yake isiyo na gia hata moja, keria imefungwa mfuko wa spana, tyubu mbili na pampu. Sisi tulikuwa na gia ishirini na moja kila mmoja. Shikamoo, marahaba, tukaondoka.

Saa mbili na nusu tulikuwa mwisho wa ufuo wa Tiwi, dakika kumi mbele ya programu yangu. Mbele yetu mlango wa Mwachema, na ng'ambo yake, katikati ya mibuyu, Msikiti wa Kongo, wa mawe, wa kale, na bado unaswaliwa. Mzee akashuka, akaegemeza baiskeli, akafungua mfuko wa mahamri, akakaa chini.

"Tunangoja nini, Mzee?"

"Maji."

Nikaitazama simu. Simu inasema vuka. Nikamwonyesha. Akaitazama kwa adabu, akarudi kwenye mahamri yake. Nikangoja nusu saa. Kisha, mbele ya wenzangu, nikaona aibu kuketishwa na mto mwembamba kiasi kile. Nikafunga simu ndani ya nailoni, nikainua baiskeli begani, nikaingia.

Hatua kumi za kwanza, magotini. Hatua tano zilizofuata, kiunoni. Halafu mchanga ukaondoka chini ya mguu mmoja, maji yakashika gurudumu kama mtu anayenivuta kuelekea baharini, nami naogelea vibaya sana. Nililazimika kuchagua kati ya baiskeli na kujisimamisha. Niliiachia baiskeli. Niliporudi juu natetemeka, Mzee alikuwa ameshaingia upande wa chini kidogo, ameikamata kwenye kina kifupi, mahali alipojua itapita. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, leo mwezi ni mbili," akanipa hamri.

Tulivuka baada ya saa nne na nusu, maji chini ya magoti. Ng'ambo tuliomba maji ya kisima nyumba ya watu, akaiosha cheni yangu na vyuma vyote. "Chumvi haina haraka," alisema, "lakini haisahau."

HESABU YA MZEE

Nilimwomba anieleze, na hili naliandika kwa ruhusa yake, kwa sababu ni la usalama.

Siku mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, pwani yetu huwa na bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Hapa Mombasa tofauti inaweza kukaribia mita 4. Siku hizo maji hukupwa kabisa baina ya saa nne na saa tano asubuhi. Kila siku inayofuata, ongeza karibu dakika 50. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, tofauti ni ndogo, na kupwa kumeshasogea mpaka alasiri. Baina ya kupwa na kupwa ni kama saa 12 na dakika 25.

Wanaprogramu mnaona? Ni fomula ya mstari mmoja: tarehe ya mwezi mara 50, jumlisha na saa ya kuanzia, gawanya upate baki. Mzee anaikokotoa kichwani kwa kuitazama kalenda ya Kiislamu ukutani. Programu yangu ilikuwa na maelfu ya vijia na haikuwa na mwezi hata mmoja.

SIKU YA PILI: MITI

Kutoka Diani tulipita Kinondo. Kaya Kinondo ni mmoja wa misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Tulipokelewa na mwongozaji wa kaya, tukafungwa vitambaa vyeusi kiunoni, tukaingia kwa utulivu. Kabla ya kuingia Mzee aliniambia nizime kinasa-njia cha simu. "Humu usichore." Nikazima. Ndiyo maana faili langu lina pengo hapo.

Mchana tukafika Gazi. Wengi hupajua kwa ajili ya Mbaruk bin Rashid, Mmazrui aliyewapiga vita Waingereza 1895 na 1896. Lakini mimi nilivutiwa na mikoko. Tangu 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni wana mradi uitwao Mikoko Pamoja. Wanalinda hekta 117 za mikoko, kaboni inayohifadhiwa mle inapimwa, kipimo kinauzwa nje kama hati za kaboni, na fedha zinarudi kijijini: maji, shule. Nilisimama pale kwenye njia ya mbao nikiwaza. Hawa wamefanya jambo ambalo sisi wa data hatulifanyi mara nyingi. Wamepima kilicho chao, na faida ya kipimo imebaki kwao.

SIKU YA TATU: UPEPO

Msambweni mpaka Shimoni kupitia Ramisi. Kuna mashamba ya miwa na kuna upepo. Agosti ni kusi, na sisi tulikuwa tunaelekea kusini. Programu ilisema saa mbili na nusu. Tulitumia karibu saa tano, vichwa chini, mchanga mdomoni. Mwenzangu mmoja alipata pancha mbili, na Mzee aliziba zote kwa muda ambao mimi ningekuwa bado natafuta video ya kunifundisha.

Nikamuuliza kwa uchungu kidogo kwa nini alikubali mwezi huu. Akacheka. "Upepo wa mbele uupate ukiwa na nguvu. Kesho ni safari ndefu, utasukumwa nyumbani."

Jioni tulipanda mashua kwenda Wasini, kisiwa kisicho na magari. Tukala samaki na wali, na mimi nikawaonyesha wenzangu ramani: mstari mwekundu kutoka Feri mpaka pale, vijia vyote vya Mzee, visima, vivuli, nyumba ya mama wa mandazi. Nikasema nikirudi nitaupakia mtandaoni, bure, kila mtu aupakue.

Mzee alikuwa anasikiliza. Akauliza, taratibu kabisa: "Ukishauweka, mimi mtu ataniitia nini?"

Sikuwa na jibu. Akaongeza: "Na akiufuata siku ya mwezi nane, asubuhi, akachukuliwa pale Mwachema, mamaye atamuuliza nani?"

Sasa nielewe, msomaji wangu. Mimi nimelelewa na programu huria. Kazi yangu yote inasimama juu ya Linux na vitu ambavyo watu nisiowajua waliviandika na kuviachia. Kunyima taarifa naona ni dhambi. Lakini aliyetoa programu yake huria aliamua mwenyewe kuitoa. Vijia vile si mimi niliyevitafuta. Mimi nilibeba simu tu nyuma ya mtu aliyevijua.

KURUDI, NA FAILI

Siku ya nne tulipiga karibu kilomita 80 kwa barabara kuu, kusi ikitusukuma mgongoni kama Mzee alivyoahidi. Magharibi tulikuwa Likoni. Nilimlipa, nikamwongeza, tukaagana, nikaingia feri na kuitazama taa za kisiwa zikisogea.

Nyumbani nililiingiza faili la GPX kwenye programu yangu ya kusafisha. Hii hufuta "kelele": pointi zinazorudiarudia mahali pamoja bila kusogea. Ikamaliza kwa sekunde mbili, na mstari ukatoka safi. Nikaukuza pale Mwachema. Ile subira ya saa mbili chini ya kivuli ilikuwa imefutwa yote. Kwa mujibu wa faili, watu wanne walifika mtoni na kuvuka moja kwa moja.

Niliitazama skrini kwa muda mrefu. Programu niliiandika mwenyewe, na ilifanya hasa nilichoiagiza: ilifuta kitu pekee kilichotuvusha salama.

Kwa hiyo nimeamua hivi:

1. Kwenye OpenStreetMap nimeweka alama kwamba kivuko kile kinategemea kupwa na kujaa. Hilo ni la usalama wa watu, liwe huru.

2. Hesabu ya mwezi nimeiandika hapo juu. Itumieni, lakini muulizeni pia mvuvi wa hapo.

3. Faili lenyewe silipakii. Msiniandikie kuliomba :-) Nimempa Mzee nakala kwenye simu ya mjukuu wake. Akitaka kuligawa, atagawa yeye.

Na kama unataka kwenda, ushauri ni mfupi. Beba tyubu mbili na kitambaa cha kukausha cheni. Usipite barabara kuu usiku. Ukifika ng'ambo ya Feri, usianze kwa kufungua ramani. Waulize mafundi baiskeli wa Likoni nani anaijua njia ya kusini, umlipe vizuri. Akikaa chini kula mahamri, kaa nawe.

Mama ameuliza safari ilikuwaje. Nimemwambia nzuri. Ile habari ya mtoni hajaambiwa, kwa hiyo mnaomjua, tafadhali.

Haya, wiki ijayo tunarudi kwenye Python.