Globu ya Njano kati ya Mogitu na Berlin

Miongoni mwa mambo yanayomtenganisha mhamiaji na jamaa zake waliobaki nyumbani, mwanga wa taa hautajwi mara nyingi, ilhali humgusa kila jioni katika makazi yote mawili. Mtu aliyekulia Mogitu, kata ya Wilaya ya Hanang isiyo mbali na Katesh, kisha akahamia Ujerumani kwa masomo au kazi, hukuta kwamba globu ya njano aliyoizoea, yaani ile inayoangaza kwa kupasha moto uzi mwembamba wa madini ya tungsteni ndani ya kichupa cha kioo, imeondolewa madukani kwa sheria. Na anaporudi likizo hukuta inatoweka hata kwao, safari hii kwa hesabu ya LUKU, ile mita ambayo mteja hulipia umeme kabla ya kuutumia. Makala haya yanashikilia kwamba anayeendelea kuipenda globu hiyo ana hoja, na kwamba hoja yake haistahili kufungwa kwa kuitwa ushamba.

Hoja ya kwanza ni rangi. Wataalamu huipima rangi ya mwanga kwa kizio cha kelvini, ambapo mwali wa mshumaa hukaribia 1,900, globu ya uzi 2,700 na jua la mchana 5,500, na kadiri namba inavyopanda ndivyo mwanga unavyoacha wekundu na kuuelekea ubuluu. Taa ya LED haina uzi wa kuungua; umeme hupita katika chembe ya semikondakta inayotoa mwanga wa bluu, na sehemu ya bluu hiyo hugeuzwa na unga wa njano uliopakwa juu yake hadi jicho lione weupe. Kupatikana kwa chembe ya bluu ndiko kulikowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014, na hakuna sababu ya kuubeza ugunduzi huo. Hata hivyo, LED nyingi zinazofika katika maduka ya vijijini ni zile nyeupe za kelvini 6,500, na mtu aliyelelewa kando ya jiko la kuni, akasoma kwa kibatari na chemli na kushuhudia karabai ikiwashwa siku za sherehe, anaona bila kufundishwa kwamba globu ilitoka katika ukoo wa moto, na kwamba LED hiyo nyeupe haitoki huko.

Kuna pia uaminifu wa rangi, kipimo kinachoonyesha jinsi taa inavyoidhihirisha rangi halisi ya kitu, ambacho kwa globu ya uzi hufikia karibu 100, wakati LED za kawaida huishia 80 na kitu. Pengo hilo huonekana zaidi kwenye wekundu: nyama buchani, kidonda cha ndama, maharage mekundu yanayochaguliwa usiku kabla ya kupelekwa mnadani, vyote hupauka chini ya taa rahisi nyeupe, na aliyezoea kuvitambua kwa macho yake hulazimika kungoja asubuhi.

Hoja ya pili ni tochi, inayostahili kuangaliwa kwa karibu. Tochi ya zamani ya bati, iwe ya Tiger Head kutoka Guangzhou au nyingine ya aina yake, ilipokea betri mbili au tatu kubwa, mara nyingi za National zilizotengenezwa Dar es Salaam, na nyuma ya kifuniko chake, penye springi, palikuwa na nafasi ya globu ya akiba. Globu ikiungua gizani, mwenye tochi aliipapasa ile ya akiba, akaifunga na kuendelea na safari ya kukagua zizi. Betri zikichoka, mwanga ulififia taratibu kutoka njano hadi wekundu, ukampa muda wa kurudi ndani, na kesho yake betri zilianikwa juani zipate nguvu kidogo. Tochi nyingi za kuchaji za leo humulika mbali zaidi, lakini betri iliyofungiwa ndani ikifa, mwenyewe hana la kufungua wala la kubadili. Anayeililia tochi ya bati analilia kifaa alichoweza kukifahamu chote na kukitengeneza kwa mikono yake.

Umoja wa Ulaya ulianza kuziondoa globu za njano za nyumbani tarehe 1 Septemba 2009, ukianza na za wati 100 na kuhitimisha mwaka 2012 kwa zile ndogo, kwa sababu ya msingi kabisa kwamba takriban asilimia 5 tu ya umeme unaoingia hutoka kama mwanga na mwingine wote huwa joto. Mwaka 2010 mhandisi Mjerumani Siegfried Rotthäuser alizipa globu jina la Heatball na kuziuza kama vifaa vya kupashia joto vinavyotoa mwanga kidogo kwa bahati mbaya. Shehena ya kwanza iliisha upesi, na iliyofuata ikazuiwa forodhani. Kule jambo hilo lilifanywa kama kejeli dhidi ya sheria. Katika vijiji vya nyanda za baridi kama Mogitu ni shughuli ya kawaida, kwa kuwa kifaranga wa wiki ya kwanza huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, na mfugaji wa kuku mwenye umeme huning'iniza globu juu ya boksi bila kuhitaji jina jingine.

Katika Berlin penyewe, mji uliowahi kutajwa kuwa na zaidi ya nusu ya taa za gesi za barabarani zilizosalia duniani, ambazo huangaza kwa utambi wa aina moja na ule wa karabai, uamuzi wa kuzibadili kuwa LED ulipingwa na wakazi, na baadhi ya taa hizo zinahifadhiwa kama urithi. Hapo ndipo mhamiaji hupata uchungu ulio halali: kupenda mwanga wa kale kunaitwa utamaduni kwa Mberlini, na kwa mzee wa Mogitu kunaitwa kubaki nyuma.

Uchungu huo, hata hivyo, haulipi uniti za LUKU. Globu 4 za wati 60 zikiwaka saa 5 kila usiku hutumia uniti 36 kwa siku 30, na LED 4 za wati 9 hutumia 5.4. Kwa kaya iliyo katika kundi la watumiaji wadogo wa shirika la umeme TANESCO, kundi ambalo ukomo wake ni uniti 75 kwa mwezi, globu pekee zinakula karibu nusu ya ukomo huo, kabla ya redio, simu na pasi. Mwana aliye ughaibuni anayetaka sebule ya wazazi iwe ya njano kama zamani aanze kwa kuuliza nani atanunua uniti hizo, au abebe LED za kelvini 2,700 zenye uaminifu wa rangi wa 90 na kuendelea, ambazo Ujerumani zipo madukani na zinaukaribia sana mwanga anaoutamani. Kwenye boksi la vifaranga hazifai kitu, kwa kuwa joto lake ni dogo mno. Globu moja ya wati 100 ikiwaka usiku na mchana kwa siku 21 humaliza uniti 50.4, na mama mfugaji huzilipa akijua sawasawa ananunua nini.