Bakteria Wanaopenda Ubaridi

Nikimpima mtu ninayemshuku ukoma, naanza na masikio. Nashika ndewe kwa vidole viwili, naibinya taratibu, natafuta unene au kinundu. Kisha naenda kwenye nyusi, pua, viwiko, magoti, mikono na miguu. Kwapani na kinenani napitisha macho tu. Bakteria wa ukoma hupenda sehemu za mwili zenye ubaridi, na aliyetufundisha mengi kuhusu tabia hiyo ni mnyama asiyepatikana Afrika.

Daktari wa Norway, Armauer Hansen, aliwaona bakteria hawa mwaka 1873. Mpaka leo hakuna maabara iliyoweza kuwaotesha nje ya mwili wa kiumbe hai. Wa kifua kikuu wanaota. Wa ukoma wanagoma. Mwaka 1960 Charles Shepard alifanikiwa kuwazalisha kwenye nyayo za panya, ambazo hazina joto kali, lakini waliopatikana walikuwa wachache. Ndipo mwaka 1971 Waldemar Kirchheimer na Eleanor Storrs, huko Louisiana, Marekani, wakatangaza kwamba armadilo ameshika ugonjwa.

Armadilo ana gamba la mfupa mgongoni. Ukimwona utamdhania kakakuona wetu, ingawa hawana undugu. Joto la mwili wake ni nyuzi 32 hadi 35, chini ya letu la 37. Humo bakteria walizaana mpaka kwenye ini na wengu, kwa mabilioni. Tena jike wa aina hiyo huzaa watoto wanne kutoka yai moja, wanaofanana kabisa kwa vinasaba, jambo linalomrahisishia mtafiti kulinganisha. Bakteria waliokuzwa ndani ya armadilo ndio waliowezesha wanasayansi kusoma vinasaba vyote vya ukoma mwaka 2001.

Lakini kwangu mimi mhudumu, kilicho kikubwa zaidi ni mishipa ya fahamu. Armadilo huharibika mishipa kama mtu. Walipoichunguza, watafiti waliwakuta bakteria kwenye mishipa midogo ya damu inayolisha mshipa wa fahamu. Mshipa unashambuliwa taratibu, bila maumivu yanayomshtua mgonjwa, na bakteria mmoja huchukua karibu wiki mbili kugawanyika. Ndiyo maana dalili huweza kujitokeza miaka mingi baada ya maambukizi.

Nakumbuka bibi mmoja wa Mlingotini, mkulima wa mwani. Alikuja na kidonda cha unyayo. Alikuwa amekanyaga kitu chenye ncha baharini, akafanya kazi mpaka maji yalipojaa bila kujua. Kwenye paja alikuwa na baka lililofifia, na kabla ya hapo alikuwa amepewa dawa ya fangasi kwa muda mrefu. Nikamwambia, "Bibi, fumba macho. Nikikugusa, onyesha kwa kidole." Nikachukua nyuzi za pamba, nikagusa ngozi nzima ya jirani: akaonyesha. Nikagusa katikati ya baka: kimya. Nikagusa tena. Akauliza, "Mwanangu, mbona huanzi?"

Dawa tunazo, na ni bure. Rifampisini, dapsoni na klofazimini: miezi 6 kwa mwenye mabaka machache, miezi 12 kwa mwenye mengi. Klofazimini huigeuza ngozi rangi, na ni lazima mgonjwa aambiwe mapema, la sivyo ataacha dozi kwa aibu ya majirani. Dawa huua bakteria. Ganzi iliyokomaa haiondoi. Bibi yule alipona ukoma, lakini mpaka leo anakagua nyayo zake kila jioni na haingii baharini bila viatu.

Mwaka 2006 Tanzania ilifikia lengo la Shirika la Afya Duniani, chini ya mgonjwa 1 katika kila watu 10,000. Ni ushindi wa kweli, na waliouvujia jasho nawaheshimu. Ila naumia ninapokutana na vijana wenye vyeti vya uganga ambao hawajawahi kushika mkono wa mgonjwa wa ukoma.

Wahudumu wa vijijini wakisikia habari za armadilo huniuliza kama kakakuona wa huku Saadani naye ni wa kuogopwa. Kusini mwa Marekani, utafiti uliotolewa 2011 ulionyesha kwamba watu kweli huambukizwa na armadilo. Kwetu nawaambia wamwangalie mtu: ukoma unapita kwa hewa, kutoka kwa asiyetibiwa kwenda kwa anayeishi naye kwa muda mrefu. Kakakuona wamwache aende zake, sheria inamlinda.

Kwa hiyo kwa bibi yule tulikwenda nyumbani, tukapima kila anayelala chini ya paa lile. Mjukuu wake mmoja alikuwa na baka moja begani, dogo, limeanza kufa ganzi pembeni. Vidole vyake vyote vilikuwa vizima. Alianza dozi ya miezi 6 wiki ileile.