Nyiragongo: Mwalimu akubali kuchunguzwa na wenzake

Katika shule moja ya msingi wilayani Nyiragongo, kaskazini mwa mji wa Goma, mwalimu wa darasa la tano alikuwa amekwisha kuandika jina la mtoto mmoja kwenye orodha ya watakaorudia mwaka. Mtoto huyo alikimbia vita Masisi pamoja na wazazi wake. Darasani alikuwa hasemi kitu. « Huyu hana akili ya shule », mwalimu aliwaambia wenzake.

Walimu watatu wa shule hiyo wana desturi ya kubaki kila Ijumaa wanafunzi wanapotoka. Hakuna semina, hakuna pesa ya usafiri. Kila mmoja anafungua daftari na kusema kilichomshinda juma hilo. Kisha wanachagua ulizo moja na kulifanyia uchunguzi katika madarasa yao wenyewe. Safari hii ulizo lilikuwa hili: kwa nini watoto waliohama makwao wananyamaza?

Mwenzake mmoja alikaa nyuma ya darasa siku tatu, akiwa na karatasi yenye majina yote. Kila mara mwalimu alipomuuliza mtoto, yeye aliweka alama. Ijumaa wakahesabu pamoja. Alama zilijaa kwa watoto wa benchi za mbele. Kwenye jina la mtoto wa Masisi hapakuwa hata moja.

« Mama mwalimu, huyu hujamuuliza kitu », mwenzake alisema kwa sauti ya chini.

Kwanza alikasirika. Alisema darasa limejaa, watoto wa vita walifika katikati ya mwaka, benchi za mbele zilikuwa na wenyewe. Yote ni kweli. Wenzake hawakumlaumu. Mmoja alikiri kwamba hata yeye anafanya vile, kwani mtoto anayejibu haraka anamsaidia kumaliza somo. Mtu haoni kisogo chake. Anayekaa nyuma yake ndiye anayekiona. Mwalimu alitoa orodha yake, akafuta jina.

Juma lililofuata alibadilisha nafasi za kukaa kila siku, na hesabu akazieleza kwa Kiswahili kabla ya Kifaransa. Siku ya nne mtoto wa Masisi alienda ubaoni, akagawanya 144 kwa 12 bila kosa.

Msichana mmoja aliyehama bado ananyamaza, hata akiulizwa. Walimu wameandika ulizo lake kwenye daftari kwa Ijumaa ijayo.