Hati ndani ya Robota

Wiki iliyopita kijana mmoja wa ofisini kwetu, hodari wa kazi na mwenye adabu, alinijia na kompyuta yake wazi mikononi, akanionyesha maneno mekundu yaliyosema kwamba maktaba ya programu niliyoiandika nilipokuwa na umri kama wake haikubali kusakinishwa, kwa kuwa Python yake, toleo la 3.12, haikukiona kitu kiitwacho distutils. "Mjomba," akauliza, "distutils ndiyo nini?" Sikumlaumu, maana kilichoondolewa Oktoba 2023 hakiwezi kujulikana na aliyeanza kazi baada yake, lakini swali lile lilinikaa rohoni, kwani distutils, zana ya kufunga na kusakinisha programu za Python, ilikuwa mlango tuliopitia sote, na nyuma ya mlango ule naliliona tena duka la leso la Barabara ya Biashara, Mombasa, ambako nilifunzwa kufunga mzigo.

Maktaba yenyewe ni ndogo, na kazi yake ni kuhakiki madai. Mwandishi wa programu hudai, mathalan, kwamba jumla ya ankara fulani ni 1,500, na maktaba huisimamisha programu yake kama shahidi mbele ya kadhi: ikisema kweli, maktaba hunyamaza, ikisema uongo, hueleza wazi kilichotarajiwa na kilichopatikana. Python ina neno lake la assert kwa kazi hiyo, lakini jawabu lake lilikuwa kavu, likitaja kosa pasipo sababu, nami nilitaka jawabu la Kiswahili lenye faida kwa msomaji, nikayaweka maelezo yake katika faili la peke yake.

Nimezipekua karatasi zangu nione niliiandika lini: ilikuwa 2006, kabla ya kaskazi kuanza, lakini tarehe si kitu. Duka lilikuwa na kina kirefu na upana mdogo, kama maduka mengi ya mtaa ule, na harufu iliyokupokea mlangoni ilikuwa ya wanga na rangi ya nguo mpya, ikichanganyika alasiri na ya udi. Nyuma kabisa, pasipo dirisha, mpwa wa mwenye duka alikuwa na kompyuta mbili za kukodisha kwa saa, mojawapo ikiwa na mtambo wa kuchoma sidii. Mwenye duka tulimwita Ami, hata sisi tusiokuwa jamaa zake. Intaneti ya siku hizo ilishuka kutoka setelaiti, kwa ghali na kwa taratibu, hata mtu huanza kupakua, akaenda kuswali laasiri, akarudi akakuta nusu; na katika kungoja huko ndiko nilikokuwa nikimtazama Ami akifunga marobota ya wateja wake wa Malindi, Lamu na Tanga.

Alitandaza gunia sakafuni, akapanga majora chini na doti za leso juu yake, na vikoi pembeni vya kuzuia mtikisiko. Kisha, kabla ya kushona kwa shazia, humwita mpwa wake, ambaye hakuona jinsi vitu vilivyopangwa, naye huvitoa kimoja kimoja na kuvitaja kwa sauti, na Ami huandika: majora matatu, doti arubaini, vikoi kumi na viwili. Hati moja hubaki dukani, na ya pili huingia robotani, juu kabisa, ili mkono wa mpokeaji uishike kabla ya kushika nguo. Alikuwa akisema kwamba mpokeaji hana wa kumuuliza. Robota ndilo litakalomjibu.

Maktaba yangu ilipokamilika, mwenzangu wa Tanga aliitaka. Niliandika setup.py, faili la maagizo ya kuifunga na kuisakinisha, nikayaendesha majaribio mara tatu kwenye kompyuta yangu, nikaona yote yamefaulu, nikaichoma sidii, na Ami akaipokea ndani ya robota lililokuwa likienda huko huko, akaiandika mwisho wa hati: sahani moja ya kompyuta, amana. Ilifika salama, ikasakinishwa bila ya taabu, na kwa siku mbili ikafanya kazi. Siku ya tatu, dai la kwanza la uongo lilipotokea, maktaba ilikwenda kulitafuta faili la maelezo isilione, ikaanguka. Sikuwa nimelitaja faili lile katika MANIFEST.in, orodha ambayo jina lake limetoka kwa mabaharia na maana yake ni hati ya shehena. Kwangu faili lilionekana kwa kuwa lilikaa folda moja na mengine. Nilikuwa nimempeleka shahidi Tanga, nikauacha ulimi wake nyumbani.

Nilimweleza Ami kwa fedheha. Hakuijua kompyuta, lakini aliniuliza swali moja: "Mwanangu, ulihesabu vilivyomo dukani, au vilivyomo robotani?" Sijapata kusoma katika kitabu chochote cha fani yetu neno lililonifaa zaidi ya hilo.

Mengine yalikwenda mbio. PyPI, ghala la Python lililofunguliwa 2003 na kwa muda likiitwa Duka la Jibini, lilijaa vifurushi. Setuptools ya 2004 ilitupa vifurushi vilivyoitwa mayai. Pip, zana ya kusakinisha vifurushi, ikaja 2008. Na 2009 nyaya za intaneti za SEACOM na TEAMS zikatua Mombasa. Mayai yakapisha wheel, ambayo si gurudumu la gari bali ni gurudumu la jibini la lile duka. Ukaja waraka wa pyproject.toml, ulioanza na maafikiano ya 2016, nao ni jambo jema, kwani wenyewe hutaja tu, ilhali setup.py ilikuwa programu kamili iliyoweza kutenda lolote katika mashine ya mpokeaji. Ami alikuwa ameshafariki, na duka limekuwa la simu.

Wepesi wenyewe siuchukii. Kinachoniudhi ni kwamba leo mtu huandika amri moja, vifurushi kumi vikaingia, na hakuna anayekifungua hata kimoja kutazama kilichomo, wala kuuliza nani amekifunga. Machi 2016, katika ghala la npm la JavaScript, kifurushi kiitwacho left-pad, chenye mistari 11, kiliondolewa na mwenyewe, na kazi za watu wengi duniani zikasimama. Wengi wao hawakujua hata kwamba walikitegemea. Mpokeaji asiyesoma hati ni mshirika wa mfungaji katika ghalati yake.

Basi tukaketi, mimi na kijana. Nikaifuta setup.py, nikaandika pyproject.toml, nikalitaja faili la maelezo, nikafunga. Kisha nikamwomba achukue kifurushi kile peke yake, akifungue katika mazingira matupu yasiyo na kitu changu, akitaje kilichomo kimoja kimoja kwa sauti, nami niandike. Akayataja mafaili ya Python, akalitaja faili la maelezo, akajaribu dai moja la uongo, na jawabu la Kiswahili likatoka kamili. Nikadhani tumemaliza, yeye alikuwa bado anatazama.

"Mjomba," akasema, "leseni haimo."

Nikalifungua robota.