Namna hesabu zetu zilivyotoka katika ordinatere ya zamani

Juma hili tunawaeleza jambo lililotupata sisi wenyewe hapa Katuba, Lubumbashi. Tunajua vikundi vingi vinaweka hesabu zao kama tulivyoziweka sisi, basi heri mjifunze kwetu kuliko kungojea yawapate.

Kikundi chetu ni AVEC kama zile zingine. Kila juma mama ananunua hisa 1 mpaka 5, muhuri unapigwa katika karne yake, na karne zote zinalala ndani ya sanduku lenye kufuli 3. Funguo ziko kwa wamama 3 tofauti. Tulijisifu kwamba mwizi hatatuweza. Mvua hatukuifikiria. Mwezi wa Desemba, tukiwa tunangojea kugawana kabla ya Noeli, bati lilivuja usiku kucha juu ya sanduku. Asubuhi tulikuta karne zimeshikamana na mihuri imekuwa madoa ya bluu.

Mama mmoja mjane alisema hisa zake ni nyingi kuliko zile tulizoweza kusoma. Mwingine akanong'ona kwamba sekretere ndiye anayejua pesa zilikokwenda. Kabla ya jioni neno hilo lilikuwa limezunguka parseli zote. Sekretere wetu alilia, kisha akatuambia: "Wamama, kila juma nilikuwa ninaandika pia kwenye ordinatere ya nyumbani kwangu. Njooni muone."

Tulikwenda. Ni ordinatere ya zamani, ya Windows XP, aina iliyotoka mwaka 2001 na ambayo Microsoft iliacha kuitunza Aprili 2014. Hesabu zilikuwamo, lakini haina printa, na kila umeme ukikatika inazimika papo hapo. Tuliogopa isije ikafa kabla hatujazitoa. Tulichomeka flashi, tulipoipeleka kwenye ordinatere mpya ya kikundi, ilikuwa na virusi: dosie zote zimefichwa, zimebaki njia za mkato tu. Fundi mmoja alitaka kutoa diski aende nayo kwake mpaka juma lijalo. Tulikataa. Ndani mna majina yetu na madeni yetu, na si kila mume anajua mke wake ameweka kiasi gani.

Binti wa mmoja wetu, anayesoma mambo ya ordinatere, alituambia: "Mama zangu, mashini hizi mbili tuzifunge kwa kable, zizungumze zenyewe." Tulinunua kable ya mtandao. Kila mashini tuliipa namba yake, ya zamani 192.168.1.1 na mpya 192.168.1.2, zote na kinyago 255.255.255.0. Zilionana, lakini ile mpya ilikataa kufungua dosie ya mwenzake. Tuliona pia kwamba jina la kundi la kazi kwenye moja ni MSHOME na kwenye nyingine ni WORKGROUP. Tukalisawazisha. Bado ilikataa.

Ndipo binti akatueleza. Windows XP inajua lugha moja tu ya kupeana mafaili, inayoitwa SMB1. Lugha hiyo ni ya zamani na ulinzi wake ni dhaifu. Mei 2017 virusi WannaCry ilipitia tundu lililokuwa katika SMB1 ya Windows, ikafunga ordinatere katika nchi nyingi na kudai pesa, hata hospitali za Uingereza zikasimama. Tangu mwisho wa mwaka huo Windows 10 inayowekwa upya haiji tena na lugha hiyo ikiwa wazi. Basi mashini yetu mpya haikuwa na kiburi. Ilikuwa inajilinda.

Tulifanya hivi, na ninyi mnaweza kufuata. Kwanza tulizitenga mashini zote mbili na intaneti: hakuna modemu, hakuna simu. Katika ile ya zamani tulitengeneza dosie moja, tukaweka hesabu za kikundi peke yake, tukaishirikisha bila kuruhusu mtu wa nje aibadilishe. Hatukufungua diski nzima. Mgeni anakaribishwa sebuleni, haingii chumbani. Katika ile mpya, kwenye orodha ya sehemu za Windows, tuliwasha SMB1 upande wa mteja tu, yaani upande wa kupokea, tukaizima mashini na kuiwasha tena. Kisha tukaandika \\192.168.1.1 mahali pa anwani. Dosie ikafunguka. Tulinakili, tukapima kila faili kwa programu ya kuzuia virusi kabla ya kulifungua, halafu tukazima SMB1 na kuchomoa kable. Kazi yenyewe haikufika saa moja. Kungojea umeme ndiko kulikotuweka mpaka usiku.

Mjane alikuwa amesema kweli. Hisa zake zilikuwamo zote, juma kwa juma. Kwa wengine wetu majuma 2 yalikosekana, maana siku hizo umeme haukuwapo na sekretere hakuandika. Hayo tuliyamaliza kwa kuulizana katika mkutano, mbele ya wote, na hakuna aliyetoka amekasirika. Lakini tulikuwa na deni lingine. Tulisimama tukamwomba sekretere msamaha, na yule aliyenong'ona alikuwa wa kwanza. Alitusamehe, ila alisema hataki tena kuwa yeye peke yake mwenye hesabu za watu. Tulimwelewa.

Sasa hesabu zetu ziko mahali 3: katika karne, katika ordinatere ya kikundi, na katika flashi safi inayolala kwa mama mwingine, mtaa mwingine. Wamama 2 wengine wanajifunza kuziandika. Na hata mashini tunayoiita mpya ina Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuitolea marekebisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Nayo inazeeka. Safari hii hatutangojea bati livuje.

Kikundi chenye hesabu zilizofungiwa katika mashini ya zamani kisimpe mtu diski kwa haraka. Njooni siku ya mkutano wetu pamoja na sekretere wenu. Kable tunayo.