USIUKATE MUKAWA

Somo letu asubuhi hii ni 1 Samweli 16:7. Lisome kwanza, halafu urudi hapa.

Kama ulichunga mbuzi Ukambani kama mimi, unaujua mukawa. Kwa Kiswahili ni mtandamboo. Ni kichaka cha porini chenye miiba mirefu inayotoboa hata ndala. Ukivunja tawi, linatoa utomvu mweupe kama maziwa. Lakini maua yake yananukia, na matunda yakishakuwa meusi ni matamu ajabu. Siku nyingi hicho ndicho kilikuwa chakula chetu cha mchana.

Nilipotoka chuo cha Biblia, tulisafisha kiwanja cha kanisa. Nikawaambia vijana wang'oe mukawa uliokuwa kando ya lango. Mama mmoja mzee akanikemea mbele yao: "Mchungaji, umesahau njaa?" Niliona aibu, nikakasirika. Alikuwa akinikosoa tangu nifike, mara mahubiri ni marefu, mara suti ni ya bei. Moyoni nilishaamua kumtoa kwenye uongozi wa akina mama.

Wiki hiyohiyo mtoto wetu akalazwa. Saa ya kuona wagonjwa, nani aliingia wodini na chupa ya uji? Yeye. Akafungua fundo la leso, akatoa noti zilizokunjwakunjwa. "Lipa dawa, Mchungaji. Mambo ya ule mti tutaongea baadaye."

Jumapili niliomba msamaha mbele ya kanisa. Mama bado ananikosoa. Mukawa bado uko langoni.

Mpendwa, sikuambii uvumilie mtu anayekupiga au kukudhulumu. Hiyo ni dhambi, tafuta msaada. Nasema juu ya yule unayemkwepa kwa sababu ya ulimi wake tu. Kabla hujachukua panga, je, umengoja msimu wa matunda yake? Na ujiulize pia: ni nani anayevumilia miiba yako?

Tuombe: Baba, nisamehe kwa watu niliowakata kabla ya msimu wao. Nipe macho yako. Katika jina la Yesu, Amen.

Kama kuna mtu Roho amekukumbusha, mpigie simu kwanza, ndipo uandike "Amen" hapa chini.